Chai imegeuka wino: kijito kinachotoka chini ya mgodi uliokufa, nani wa kuulizwa?

Kigongo Feri (mleta mada):

Wakuu, mwangaluka.

Wiki tatu zilizopita nilivuka kwenda nyumbani, upande wa Geita, ule ambao hadi 2012 ulikuwa bado mkoa wetu wa Mwanza. Jina la kijiji nalihifadhi. Ndugu zangu wana mpunga wa kuuza na sitaki wanunuzi wawakimbie kwa sababu ya uzi wangu.

Shangazi yangu ana kibanda cha chai na maandazi pale njia panda. Nikaketi, akanimiminia chai ya rangi. Wakuu, ile haikuwa chai. Nyeusi kama wino wa kalamu, na juu imetanda ngozi nyembamba inayong'aa rangi rangi. Nikamuuliza, "Shangazi, majani umeyaunguza?" Akacheka. "Majani ni haya haya mnayokunywa huko Mwanza. Maji ndiyo mapya." Nikaonja. Sukari ipo, tangawizi ipo, na nyuma yake ladha ya mtu aliyelamba msumari.

Kumbe pampu ya kisima cha kijiji imekufa tangu kiangazi, kwa hiyo watu wamerudi kwenye kijito. Sasa hicho kijito ndiyo habari yenyewe. Juu yake kuna kilima cha mchanga wa kijivu kisichoota hata jani. Babu alikuwa akisema pale walichimba wazungu, wakaondoka. Miaka ya themanini na tisini wakaja wachimbaji wadogo kwa rashi, wakatoboa maduara, dhahabu ikakata, wakahamia kwingine. Halafu wakaja watu wa marudio, yaani mchanga uliokwisha kusafishwa dhahabu, na mavati (matangi) yao ya sianidi, wakaulamba ule mchanga mara ya pili, nao wakaenda zao. Imebaki turubai nyeusi iliyochanika na kilima. Kijito kinatokea chini ya kilima.

Nikapanda nikaangalie. Huku chini, kinapokutana na kijito kingine kitokacho mashambani, mawe yote yamepakwa rangi ya chungwa, tope kama uji wa ulezi uliomwagiwa mafuta ya mawese. Hapo kila mtu anapaona pabaya. Lakini ukipanda hatua kama mia mbili kuelekea kilimani, maji ni meupe pee, unahesabu kokoto chini. Na akina mama wote wanapita hapo pekundu bila kusimama, wanapanda juu kuchota penye weupe.

Nilikaa pale kama nusu saa. Sikuona chura. Sikuona viluwiluwi, wala wale wadudu wanaotembea juu ya maji. Hata ule utelezi wa kijani kwenye mawe haupo. Ng'ombe wa jirani wakapitishwa, wakanusa, wakaendelea na safari.

Nimebeba chupa moja nimerudi nayo Nyegezi, iko hapa mezani. Naomba wajuzi: haya maji ni nini, na mgodi usio na mwenyewe unamshitaki nani?

Dagaa Mchele:

Nimeweka kambi. Tupia picha mkuu.

Karasha Namba Tatu:

Mleta mada umenikumbusha mbali. Nimefanya kazi kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, miaka sita, naongea nilichokishika kwa mikono hii.

Mtu wa ziwani ukimwambia "mwalo" anawaza dagaa. Sisi kule machimboni mwalo ni pale unaposafishia dhahabu: mbao imeinama, juu umetandika gunia au kapeti, unamwaga unga wa mawe na maji, dhahabu inanasa kwenye manyoya ya gunia. Unakung'uta kwenye beseni, unatia zebaki, unasugua kwa mikono kama unakanda ugali. Zebaki inashikana na dhahabu, unaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Hicho unakichoma juu ya chepe. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Hesabu ya kawaida, gramu moja ya dhahabu inakula gramu moja mpaka mbili za zebaki. Nyingine unaivuta puani, nyingine inatua kwenye mapaa ya nyumba, nyingine inaondoka na maji ya beseni kwenda kwenye marudio.

Kwa hiyo kilima chako hicho si mchanga mtupu. Ni mchanga wenye zebaki ya watu wa miaka ile. Na hapo ndipo watu wa sianidi walipoharibu zaidi. Sianidi haichagui, inayeyusha dhahabu na inayeyusha zebaki vilevile. Zebaki iliyokuwa imelala chini kama shanga, wewe umeiamsha, sasa inatembea na maji. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania tumeuridhia 2020, umeitaja kazi hiyo kwa jina kabisa miongoni mwa mambo manne mabaya ya kukomeshwa: kutia sianidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuitoa zebaki kwanza. Sisi tulikuwa tunaiita ajira.

Sianidi yenyewe ukiiacha juani inavunjika polepole. Zebaki haiendi popote.

Mbishi wa Igoma:

Hii nchi bwana. Watu wanakunywa maji ya hicho kijito tangu enzi za babu na hawajafa. Leo mtu katoka mjini na simu yake kaona chai nyeusi, uzi mrefu. Mwisho mtaambiwa ni kinyesi cha ng'ombe, kama tulivyoambiwa samaki walipokufa mto Mara 2022, mlale.

Kigongo Feri:

Mkuu, wa enzi za babu walikunywa kijito kabla kilima hakijanyanyuka. Na ng'ombe, nimekwambia, hawayagusi. Ningekuwa mimi ndiye kamati ningewauliza wao kwanza.

Mwalimu Maabara:

Nafundisha kemia sekondari, kwa hiyo mnivumilie, nitakuwa mrefu.

Mleta mada, jibu la nusu umeshalitoa mwenyewe bila kujua. Miamba yenye dhahabu huku kwetu mara nyingi inakuja na pairaiti, lile jiwe la salfa linalong'aa manjano na kuwatia watu wazimu bure. Ni chuma na salfa vimeshikana. Likiwa chini ardhini halina neno, hewa haifiki. Ukilichimba, ukalisaga kuwa unga, ukalimwaga kilima, ukaliacha mvua na hewa viingie, linaanza kuoza. Matokeo yake ni asidi ya salfa, ile ya betri ya gari, ila imezimuliwa, pamoja na chuma kilichoyeyuka. Kuna bakteria wanaoishi kwa kula hiyo chuma na salfa, nao wanaharakisha kazi mara nyingi mno. Likishaanza halihitaji mtu. Wachimbaji wanaweza kuondoka miaka hamsini, kilima kinaendelea kupika chenyewe kila msimu wa mvua.

Sasa weupe wa maji. Asidi inapokuwa kali, chuma kinabaki kimeyeyuka, hukioni. Hakuna mwani, hakuna tope linaloelea, kila kitu kimekufa au kimezama, ndiyo maana unahesabu kokoto. Yakishuka yakakutana na maji ya mashambani, ukali unapungua, hewa inaingia, chuma kinashindwa kukaa ndani ya maji kinatoka kama kutu. Hiyo ndiyo rangi ya chungwa. Kwa maneno mengine, pale pekundu ni mahali ambapo maji yameshaanza kutema sumu. Pale peupe bado yameimeza yote. Mama zetu wanapanda mlima kuufuata uchafu wakidhani wanaukwepa.

Na chai: majani ya chai yana tanini, na tanini ikikutana na chuma inageuka nyeusi. Huko nyuma watu walitengeneza wino wa kuandikia kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo neno lako "wino" si la kisanii hata kidogo. Wala huna haja ya chai. Ponda majani machache ya mpera kwenye kikombe cha maji, subiri dakika chache. Yakigeuka ya buluu iliyokolea au meusi, chuma kipo.

Ule utando unaong'aa, ukiukuta kijitoni uguse kwa kijiti. Ukikatika vipande kama kioo na vipande visirudiane, ni chuma na bakteria wake. Ukijikusanya tena, hayo ni mafuta.

Lakini tahadhari, na hapa ndipo naomba msome mara mbili. Chuma si kinachoua. Chuma kinaharibu nguo za shule na chai. Asidi iliyoyeyusha chuma ndiyo hiyohiyo inayoyeyusha shaba, risasi, kadimiamu na aseniki, na hivyo havigeuzi chai rangi. Aseniki haina ladha wala harufu. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho jicho halikioni kamwe. Mpera ukisema chuma kipo, umekwambia mlango umefunguliwa, haujakwambia nani kaingia.

Na msichemshe mkidhani mnatibu. Kuchemsha kunaua vijidudu. Metali haichemki ikaondoka, maji ndiyo yanayopungua, sumu inabaki kwenye sufuria, imekolea zaidi kuliko mwanzo.

Dagaa Mchele:

Mwalimu, ningesoma kwako nisingepata F.

Mama Sangara Kirumba:

Samahanini wanangu, mimi ni mfanyabiashara wa samaki Mwaloni na nina neno. Mnapoandika zebaki, ziwa, zebaki, ziwa, mkumbuke 1999. Watu wachache walivua kwa sumu za mashambani, Ulaya ikafunga mlango kwa sangara wa ziwa zima. Viwanda hapa Mwanza vilinyamaza, bei pwani ikawa ya aibu, na aliyekuwa hajawahi kuona sumu kwa macho yake akalala njaa. Kwa hiyo nauliza, nijibiwe kwa ukweli: sangara ninayemuuza ana zebaki au hana?

Mwalimu Maabara:

Mama shikamoo. Swali zuri na umeliuliza kwa haki.

Samaki wote duniani wana zebaki kidogo. Suala ni kiasi. Kikomo kinachotumika kwa samaki wengi sokoni ni miligramu 0.5 kwa kilo, na samaki wa Ziwa Victoria waliopimwa kwa miaka mingi, kwa jumla wamekuwa chini ya hapo. Ziwa ni kubwa, linazimua. Kwa hiyo uza samaki wako.

Wasiwasi uko kwenye vijito na madimbwi ya karibu na machimbo, kabla maji hayajafika ziwani. Zebaki ikitua kwenye tope la dimbwi lisilo na hewa, bakteria wanaibadilisha kuwa aina inayoingia mwilini kirahisi na kukaa. Kidogo kinaliwa na mdudu, mdudu analiwa na furu, furu analiwa na kambare au sangara, kila ngazi kinaongezeka. Kambare wa shimo la mgodi wa zamani, yule watoto wanayemvua kwa ndoano siku za Jumamosi, huyo ndiye nisiyemla. Rwamagasa kule Geita ilikuwa moja ya sehemu za mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa miaka ya 2000, na tofauti kati ya samaki wa ziwani na wa karibu na machimbo ndiyo ilikuwa moja ya mambo waliyoyatazama.

Mama Sangara Kirumba:

Marahaba mwanangu. Sasa hayo ya kambare wa shimoni yaandikeni kwa herufi kubwa, na hayo ya ziwa pia.

Nyamwamba:

Nimekaa Kasese, Uganda, kwa kazi za barabara. Wanaodhani tatizo ni letu peke yetu waende Kilembe. Mgodi wa shaba ule ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Marudio yamerundikwa kando ya mto Nyamwamba, na kila mto ukifurika, 2013 na tena 2020, unakata kipande cha rundo unakibeba kuelekea Ziwa George. Bondeni chini ya rundo la pairaiti kuna ukanda mrefu ndani ya hifadhi ambako majani yalikufa kabisa, ardhi tupu, unaona kama barabara isiyoenda popote.

Cha kuchekesha, mwalimu umetaja wale bakteria. Kule waliwaajiri. Kuanzia 1999 kiwanda kimoja kiliwafuga kwenye matangi ili wale ile pairaiti na kuachia kobalti. Kazi ileile inayoua kijito cha shangazi, pale ilikuwa inaleta dola.

Na upande wa Kenya mkae mkijua kuna Macalder, Migori. Shaba na dhahabu, ukafungwa 1966, mwaka uleule mgodi wa zamani wa Geita ulipofungwa. Maji yake nayo yanakuja kwenye ziwa hilihili.

Mbishi wa Igoma:

Sawa, nimesoma yote, nakubali nilikurupuka kwenye chai. Lakini niambieni ukweli mwingine. Geita bila dhahabu ni nini? Nyumba ya mama yangu ni ya dhahabu. Ada zangu ni za dhahabu. Mkishaandika hivi, kesho wanakuja kufukuza wachimbaji wadogo na mkubwa anabaki.

Karasha Namba Tatu:

Mkuu, hakuna aliyesema tufunge. Mimi zebaki niliiacha kwa sababu mkono ulianza kutetemeka nikishika kikombe. Mzee mmoja kambini kwetu alikuwa hawezi tena kufunga vifungo vya shati. Tulimcheka, tukimwita mlevi. Hakuwa akinywa hata togwa.

Kigongo Feri:

Mrejesho. Nimezunguka ofisi tatu na ile chupa yangu. Ya kwanza wakasema hayo ni mambo ya madini. Ya pili wakasema leseni ya eneo hilo imeshakwisha, kwa hiyo si mgodi tena, ni mazingira. Ya tatu wakaniuliza kama nimetumwa na chama gani. Mlinzi wa getini ndiye pekee aliyeifungua akainusa.

Mwanasheria Kando ya Maji:

Mkuu pole. Ulianza na mlango usio wako. Ngoja nikuelekeze, bure leo.

Swali la "mgodi ni wa nani" litakuchosha. Migodi ya siku hizi inatakiwa iwe na mpango wa kufunga na dhamana ya kurekebisha eneo. Mchimbaji mdogo naye anatakiwa awe na mpango wa kutunza mazingira, ingawa kwa wengi ni karatasi ya kupitishia maombi. Ila aliyechimba enzi za mkoloni hakuweka dhamana ya mtu yeyote, na aliyelamba marudio pengine hakuwa hata na karatasi. Ukimtafuta mwenye kilima utazeeka.

Achana na kilima, shika maji. Maji yana mwenyewe. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kijito chako kiko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na makao yake yako hapahapa Mwanza, huna haja hata ya nauli. Upande wa pili ni NEMC, baraza la mazingira la taifa, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004, ambayo kifungu cha 57 kinakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 za mto au ziwa. Kilima chenu kiko mita ngapi? Pima kwa kamba, andika.

Na usipeleke barua yako peke yako. Iwe muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye mhuri wa mtendaji. Barua ya mtu ni malalamiko, muhtasari wa kijiji ni kumbukumbu ya serikali, si rahisi kuipuuza.

Mwalimu Maabara:

Nyongeza kwa mleta mada: hiyo chupa ya mezani itupe, imeshapoteza maana. Chuma kimeshatulia chini na kimeburuta vingine pamoja nacho. Sampuli ya metali inatiwa asidi maalumu palepale kijitoni ili kila kitu kibaki kimeyeyuka, na ukali wa maji unapimwa hapohapo. Waache watu wa maabara ya maji waje na chupa zao na boksi la barafu. Kazi yako ni kuwaonyesha sehemu tatu: juu ya kilima penye maji ambayo hayajakipitia, chini yake penye weupe, na baada ya wekundu. Bila ile ya juu ya kilima watakwambia aseniki ni ya asili ya miamba, na inawezekana kweli, huku kwetu kuna sehemu ni ya asili. Sehemu ya juu ndiyo ushahidi wako.

Na kabla mtu hajapata wazo la kumwaga gunia za chokaa kijitoni: chokaa inapunguza ukali, ndiyo, lakini kila kilichokuwa kimeyeyuka kinatua kwa mkupuo kama tope. Inatakiwa bwawa la kulipokea na mtu wa kulizoa. Kinachowezekana kwa kijiji ni kufunika kilima kwa udongo wa mfinyanzi ili mvua na hewa visiingie, kuchimba mfereji juu yake maji ya mvua yapite kando, na kuacha mafunjo ya bondeni yasikatwe, maana yanashika sehemu ya hiyo metali. Wala msiyalime mpunga hayo mafunjo.

Kigongo Feri:

Wakuu, nimerudi kutoka kijijini jana, mrejesho mfupi.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, muhtasari una mhuri. Nilimwomba mwalimu wa shule ya msingi akatoa watoto wa darasa la sita. Kila mtoto kikombe kimoja cha maji na majani ya mpera, wakapangwa kuanzia juu ya kilima hadi mashambani. Sijawahi kuona mkutano wa kijiji umenyamaza hivyo. Vikombe vya juu ya kilima vilibaki rangi ya majani. Vya chini yake, vile vilivyochotwa penye weupe, vikawa vyeusi kimoja baada ya kingine. Mama mmoja aliyekuwa ameshika ndoo akaitua chini polepole, akaondoa mkono kama ina moto.

Kulikuwa na mzee aliyebisha kwamba ni uchawi wa mpera. Akapewa kikombe akachote mwenyewe.

Watu wa bonde wamekuja, wamechukua sampuli sehemu zote tatu, kilima kiko mita 22 kutoka kijitoni kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Majibu bado. Pampu inahitaji fimbo mpya na vipuri, michango imeanza, Mbishi wa Igoma ametuma hela na amenikataza nisiseme kiasi.

Shangazi kwa sasa anachota chemchemi ya juu ya kilima, safari moja asubuhi moja jioni, na kibanda kinafunguliwa saa moja badala ya saa kumi na mbili. Chai imerudi kuwa nyekundu. Ila kikombe kimepanda kutoka mia mbili hadi mia tatu. Nikamuuliza mia ya nini. "Ya mlima," akasema, akanyoosha mkono. Nikalipa.